Nimepimwa Ukimwi nikaambiwa sina, lakini moyo umekataa kuamini

Hujambo mshauri. Kwanza naomba jina langu lisitokee popote juu hapa Kisumu watu wanajuana sana, na wateja wangu wengi husoma hizi vitu kwa simu wakiwa wamekaa kwa kiti changu wakisukwa. Mimi ni msusi, niko na miaka 29, kazi yangu iko Kondele na nalala Manyatta, kwetu nyumbani ni Siaya. Hii barua naandika saa nane usiku na si leo peke yake niko macho saa kama hii.

Wenye watasoma wataona kama natafuta shida mahali hakuna. Nimepimwa Ukimwi nikaambiwa sina. Nikapimwa kwingine, sina. Nimepimwa hospitali ya serikali, nimepimwa maabara ya kulipia hapo tauni, nimenunua kile cha kujipima kwa kemisti nikajipima usiku mlango umefungwa, na majibu ni yale yale. Mtu wa kawaida angeshukuru Mungu aendelee na maisha. Mimi nafurahi siku mbili tatu hivi, nakula vizuri, naimba hata, halafu siku moja niko tu nasuka mtu kitu inaniuliza, na kama damu ilikuwa kidogo? Na kama walichanganya majina? Na kama wewe ndio wale watu wachache kipimo haiwaoni? Ikishaniuliza hivyo imeisha, situlii mpaka nipimwe tena.

Ilianza hivi. Nilikuwa na mpenzi, fundi wa magari, tukakaa pamoja kitambo halafu tukaachana vibaya, sasa ni zaidi ya miaka miwili. Tulikuwa hatutumii kinga. Baadaye dadake akaja saluni kusukwa, tukapiga stori vizuri tu, yeye akidhani najua akasema, "Afadhali siku hizi anameza dawa zake bila kusumbuliwa." Nikauliza dawa gani, akaona amekosea akanyamaza. Mshauri, ule mstari nilikuwa nasuka ulipinda na yote iliyofuata ikapinda, na hakuniambia nirudie, alilipa akaenda. Nikimpigia huyo kijana simu hashiki. Tangu hiyo siku sijakuwa mimi.

Nilienda VCT, kile kituo cha ushauri na kupima, kesho yake asubuhi. Yule mama alinihudumia vizuri sana, akaniambia sina, lakini akamalizia na "urudi baada ya miezi mitatu." Nikajiuliza kama ana uhakika mbona nirudi? Na niliona uso wake ukibadilika kidogo akiangalia kile kitu. Nilirudi miezi mitatu ikaisha, sina. Nikaendelea kurudi kila mahali. Mbaya zaidi ilikuwa ile ya kujipima nyumbani, nilisoma kwa wakati wake ikawa mstari mmoja pale kwa C, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi, nikaificha kwa droo chini ya nguo, asubuhi kabla ya kazi nikaichungulia tena nikaona kama kivuli cha mstari pale kwa T, wenye ukitokea unaambiwa huenda unayo. Nilifunga saluni nikakimbia kliniki, wakanipima wakaniambia sina. Lakini ile picha niko nayo kwa simu mpaka leo, naifungua naivuta inakuwa kubwa, kuna siku naona mstari kuna siku sioni.

Mwili nao unaongea. Nimepungua mpaka sketi zinaanguka. Kila asubuhi naangalia ulimi kwa tochi ya simu, uko na weupe. Shingoni kuna tezi nimeziminya mpaka zinauma. Usiku naloa jasho.

Na kuna hii yenye sijawahi ambia mtu. Mamangu alikufa 2004 nikiwa darasa la tatu, baba alikuwa ametangulia. Aliisha polepole kitandani. Dani, nyanya yangu, alisema ni chira, ile laana ya kuvunja mila. Halafu siku ya matanga mamangu mdogo akasema mbele ya watu wote kwamba dadake alipelekwa hospitali akapimwa akaonekana hana kitu. Nilikuwa nimekaa kwa mkeka nikaskia na masikio yangu. Nilipofika fomu tatu tukasoma dalili kwa somo la bayolojia nikaona kila kitu mama alikuwa nayo iko kwa kitabu. Kwa hivyo mama aliambiwa hana, na tulimzika. Sasa mimi nikiambiwa sina, nitaaminije?

Nina mchumba na harusi ni Desemba. Ni mtu mpole, anauza spea za pikipiki. Mwanzoni tulikuwa tunatumia kondomu, halafu tangu mwaka jana tukakubaliana tusubiri mpaka tuoane. Pasta alituambia kila mmoja alete karatasi ya kupimwa ndio tarehe itangazwe. Karatasi ninazo kadhaa kwa kibeti lakini siwezi peleka, naona nitakuwa nimedanganya kanisa, nimedanganya mtu wa watu. Yeye anauliza kila wiki, sasa ameanza kunyamaza, nafikiri anadhani nimepatikana nayo ama simtaki. Kuna rafiki aliniambia nifanye kile kipimo cha PCR nimalizane na hii maneno, lakini pesa niko nayo ni deposit ya tenti na viti. Mwingine akasema anajua mtu anaweza nitolea ARV, zile dawa za Ukimwi, nianze tu kumeza nikae salama. Nifanye gani? Nimwambie mchumba? Nisimamishe harusi? Na je, hii sindano ya kushonea wiving yenye hunichoma kila mara, hiyo nayo haiwezi kuniletea?

Wakati mwingine naona heri waniambie tu ninayo, nipumzike.

Msusi asiyelala, Kisumu

JIBU LA MSHAURI

Dadangu msusi, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kuandika ile sehemu ya mama. Nitafika hapo. Lakini naanza na sentensi yako ya mwisho kwa sababu umeiweka chini kabisa kama kitu kidogo na mimi sikuiona kidogo. Ukisema heri uambiwe unayo upumzike, nasikia mtu aliyechoka na kusubiri, na wanaoishi na hofu kama yako husema hivyo hivyo, maana jibu baya angalau lina mwisho. Hiyo naielewa. Lakini nataka nikuulize kama dada, kupumzika huko ni kulala usingizi tu, ama kuna siku unafikiria kupumzika kwa kutokuwepo? Kama ni ya pili, hata mara moja, hata kwa mbali, wacha kusoma hapa kwanza. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, na muende pamoja hospitali iliyo karibu, si lazima isubiri Jumatatu.

Kama ni usingizi tu unaotafuta basi tuendelee, na nikikosea kukuelewa utanirekebisha. Ninavyoona, uko na mambo matatu yamefungwa kwa kitambaa kimoja. Kuna mpenzi wa zamani na kile dadake alisema. Kuna mama. Na kuna karatasi ya pasta na mchumba anayenyamaza. Kila moja ingetosha kumnyima mtu usingizi, wewe umezibeba zote halafu unaenda kutafuta jibu lao kwa tone la damu. Tone la damu linajibu swali moja tu.

Na hofu yako haikutoka hewani. Umekulia Siaya, unafanya kazi Kisumu. Utafiti wa kitaifa wa virusi vya Ukimwi, KENPHIA wa 2018, ulipata 4.9% ya watu wazima Kenya wanaishi na virusi, lakini Kisumu ilikuwa 17.5% na Siaya 15.3%. Sisi wa huku tumezika watu. Kwa hivyo asikwambie mtu eti unajisumbua bure. Nambari hiyo hiyo lakini inasema pia zaidi ya watu wanane kati ya kumi hapo Kisumu hawana, na akili yenye hofu huwa haisomi huo upande.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe, juu nadhani hakuna mtu amekaa chini akakueleza polepole. Vipimo vingi vya haraka vya VCT haviangalii virusi, vinaangalia kingamwili, ile kitu mwili unatengeneza virusi vikishaingia. Mwili unahitaji muda kuzitengeneza, na huo muda ndio kipindi dirisha. Kwa wengi huonekana kwa wiki tatu nne hivi, wengine huchelewa, na ndio maana husemwa miezi mitatu, siku 90. Yule mama wa VCT alikwambia urudi kwa sababu huo ndio utaratibu, watu wengi wanaofika wakisema wamekuwa kwa hatari wanaambiwa hivyo, na kufika kesho yake baada ya habari mbaya ukiwa unatetemeka hakungemwacha akwambie kitu kingine. Uso wake nao, sijui, pengine alikuwa anasoma mstari kwa karibu kama sisi wote tuliopita miaka 40. Wewe uliachana na huyo kijana zaidi ya miaka miwili iliyopita. Dirisha lake lilifungwa zamani.

Lakini kipimo hukosea, si ndio? Hukosea, sitakudanganya. Kinaweza kusema hakuna na kumbe kuna, kama mtu yuko ndani ya dirisha, au anameza ARV ama PrEP, zile dawa za kujikinga usiambukizwe, zikapunguza kile kipimo kinatafuta, au kifaa kimeharibika au kuisha muda, au damu kweli haikutosha. Kipimo cha mate uhakika wake uko chini kidogo kuliko cha damu. Hebu sasa weka vipimo vyako hapo. Hospitali ya serikali, maabara ya kulipia, kliniki, mikono tofauti, vifaa tofauti, miezi tofauti. Ili wewe uwe na virusi, hao wote walipaswa kukosea, na wakosee upande ule ule, kila mara. Wewe ndiye umepimwa, sitakulazimisha useme imewezekana ama haijawezekana. Nakuomba tu uliangalie hilo swali lilivyo, maana umekuwa ukiangalia kila kipimo peke yake kama vile vingine havikuwahi kufanyika.

Ule mstari wa asubuhi. Kila kifaa kina dakika zake zimeandikwa kwa karatasi ya ndani, na zikipita hakisomwi tena. Kikikauka usiku kucha kinaweza kuleta kivuli, alama, kitu kama mstari, na hicho si jibu la kitu chochote. Tena kujipima nyumbani, ambako Kenya ilianza kuruhusu rasmi 2017, hakujawahi kuwa neno la mwisho, hata ingetoka mistari miwili iliyokolea kabisa ungetumwa kituoni kurudia kwa vipimo vingine. Wewe ulienda, wakarudia, wakasema huna. Hiyo picha kwa simu sikuambii ufute, nakuuliza tu, tangu uanze kuivuta iwe kubwa, kuna siku moja imewahi kukupa amani?

Kuhusu yule fundi, kuna kitu umekichukua kama hatari na huenda kilikuwa kinyume. Mtu anayemeza ARV vizuri mpaka virusi vikashuka kiasi cha kutoonekana kwa kipimo, haambukizi mpenzi wake kwa tendo la ndoa. Hiyo si stori ya mtaani, utafiti mkubwa kwa wapenzi maelfu, mmoja akiwa navyo na mwingine hana, ulionyesha hivyo. Sasa, hatujui alianza lini dawa, hatujui kama wakati mko pamoja alikuwa anazimeza hivyo, na hasira uliyo nayo kwamba hakukuambia ni haki yako, sikunyang'anyi. Lakini wewe ulisikia neno "dawa" ukahesabu hapo hapo kwamba umekwisha. Na huyo dadake tusimkasirikie sana, mdomo ukiwa kwa kiti cha saluni huteleza.

Mama sasa. Hapa nakwenda polepole.

Ulikuwa mtoto wa darasa la tatu umekaa kwa mkeka kwa matanga. Ulisikia mamako mdogo akisema dadake alipimwa akaonekana hana. Naamini ulisikia vizuri. Swali langu ni dogo, kuna mtu aliona hiyo karatasi? Kumbuka 2004 ilikuwaje huko nyumbani. Dawa zilikuwa zinaanza tu kufika kwa hospitali za umma, nyingi vijijini hazikuwa nazo. Jina la huo ugonjwa likitajwa kwa boma la mjane, lilikuwa linabaki pale marehemu akishazikwa, lingewafuata nyinyi watoto shuleni, lingefika kwa maneno ya shamba, lingefika hata kwa nani atakaa na nyinyi. Dani alisema chira. Mamako mdogo akasema alipimwa hana. Mimi sikuwepo na simwiti mtu mwongo, lakini naona uwezekano kwamba dada mtu alisimama mbele ya umati akafunga mlango ili nyinyi msirushiwe mawe. Huenda mama hakupimwa kabisa. Huenda alipimwa na jibu likawa lingine. Huenda pia alipimwa kweli akakosa, na akafa kwa kitu kingine, TB peke yake ilimaliza wengi, kuna saratani pia, na kitabu cha bayolojia cha fomu tatu hakiwezi kumpima mtu aliyelala kaburini. Na ndio, kuna wagonjwa wachache sana waliofika mwisho kabisa ambao mwili ulichoka hata kutengeneza kingamwili. Hao walikuwa hoi kitandani, si mtu anayesimama kutwa nzima Kondele akisuka.

Umemwamini mamako mdogo miaka yote hii kuliko maabara zote za Kisumu, na sikucheki, mtoto humwamini mtu mzima aliyebaki. Mko naye bado? Kumuuliza ni njia moja. Ina hatari zake, anaweza kukasirika, anaweza kukuambia kitu hukujiandaa kukisikia, anaweza kulia ukabaki wewe ndio unamnyamazisha. Na hata akikwambia ukweli wote, hofu inaweza kutafuta mahali pengine pa kukaa. Lakini unaweza pia kupata kitu ambacho hakuna maabara inauza. Ukienda, usiende siku kuna wageni, wala usiulize kwa simu.

Mwili nitaupitia haraka. Jasho la usiku Kisumu, dadangu, nani hana? Tezi ukiziminya kila asubuhi zinaweza kuvimba na kuuma. Kutolala na kutokula kunapunguza kilo, weupe kwa ulimi wengi wetu tunao tukiamka, na wasiwasi mwenyewe huleta moyo kwenda mbio, tumbo kuharisha, kufa ganzi mikononi. Hata hivyo kupungua mpaka sketi zianguke si kitu cha kusukumwa kwa hofu pekee bila daktari kuangalia. Thairoidi, ile tezi ya mbele ya koo, TB, sukari, malaria, hivi vyote vinapimika na hakuna hata kimoja ulichotaja kwa barua. Nenda umwambie daktari "nimepungua na naloa jasho usiku," uone ataangalia nini akianza bila neno HIV.

Umeuliza ufanye gani, na najua ungependa niseme fanya hivi. Nitakuonyesha njia ninavyoziona na mawe yake.

Unaweza kupima tena. PCR inatafuta virusi vyenyewe, na kazi yake kubwa ni kwa walio ndani ya dirisha, au watoto wachanga maana mtoto huzaliwa na kingamwili za mamake. Kwako wewe wa miaka zaidi ya miwili haitaongeza mengi, na nayo hukosea mara chache, ikitoka na kitu kisichoeleweka sijui hizo wiki za kungoja marudio utazimaliza vipi. Na ukitumia deposit ya tenti kununua siku tatu za amani, je? Kuna wanaopatana na kansela mmoja, yaani mshauri wa VCT, wakamweleza historia yote kama ulivyonieleza, wakapima kwa damu pamoja naye mara ya mwisho na kuandika kwamba hii ndio ya mwisho mpaka kuwe na hatari mpya. Kwa wengine hilo husaidia. Kwa wengine "ya mwisho" inazaa nyingine.

Unaweza kujaribu kutopima. Ile kitu ikikuuliza, usiijibu leo, iambie kesho. Hofu ya namna hii hupanda sana halafu hushuka yenyewe ukiipa muda, lakini ukikimbia kupima kabla haijashuka unaifundisha kwamba kupima ndio dawa, na kesho inarudi na njaa zaidi. Siku za kwanza zitakuwa ngumu, sikufichi, na peke yako usiku wa manane ni ngumu zaidi. Ndio maana nakuomba ufikirie mtu wa kukushika mkono, daktari wa akili au mwanasaikolojia. Kuna watu ambao wasiwasi wao unazunguka ugonjwa mmoja, kuangalia mwili, kuuliza, kupima, kutulia, kuanza tena, na kuna tiba ya mazungumzo inayolenga huo mzunguko wenyewe, na wengine husaidiwa na dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi. Hospitali kubwa hapo Kisumu zina kliniki hizo. Utaogopa kuonekana kwa hiyo foleni, najua. Na kansela wa kwanza anaweza asikufae, hiyo ni kawaida, unatafuta mwingine.

Kwa hili la kutolewa ARV na mtu anayejuana na rafiki yako, hapa tu ndipo nitakuwa mkali kidogo. Ukianza kumeza bila kupatikana na virusi utakuwa umevuruga kipimo chenyewe, hapo ndipo "na kama mimi ndio wale wachache" inakuwa swali la haki. Kama siku moja utakuwa na hatari inayoendelea, kuna PrEP na inatolewa kihalali, ukipimwa kwanza.

Na mchumba. Nimeisoma barua yako nikitafuta kitu kimoja sikukipata. Yeye amepimwa? Pasta alisema kila mmoja alete karatasi. Umeandika juu ya damu yako kila mahali, damu yake haiko hata mstari mmoja. Umejiweka wewe kuwa hatari na yeye kuwa mtu wa watu, na huenda yeye pia analala macho wazi akifikiria kibeti chako. VCT zinapima wapenzi pamoja, chumba kimoja, kila mtu jibu lake mbele ya wote wawili, na kansela anakuwepo. Mkienda hivyo karatasi haitakuwa yako peke yako ya kuamini ama kukataa. Lakini kabla ya kufika hapo itabidi umwambie kitu, na kumwambia kuna hatari. Anaweza kushtuka kusikia ya fundi. Anaweza kumwambia ndugu yake, na ndugu akaambia mama. Anaweza kukushangaza pia. Unaweza kuanza na kidogo, "napimwa naambiwa sina na siwezi kuamini, imeninyima usingizi," bila ya mama, bila ya dadake fundi, uone anashika vipi hicho kidogo. Usipomwambia, nako kuna gharama, maana kunyamaza kwako ameshaanza kukujazia maneno mwenyewe, na kwa ulivyoandika, aliyoyajaza ni mabaya kuliko ukweli.

Kwa habari ya kudanganya kanisa, karatasi inasema kile maabara iliona siku hiyo. Haisemi unajisikiaje. Ukiipeleka hujaapa chochote zaidi ya hapo. Na ujue tu, sheria yetu ya HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa kama sharti la ndoa, na majibu ni siri yako. Sikwambii ukagombane na pasta, wachungaji wengi huomba hizo karatasi kwa nia nzuri na wewe pengine unataka baraka kuliko kesi. Ni ili ukikaa naye ujue kwamba muda unaweza kuuomba, na hakuna mtu ana haki ya kusoma karatasi yako kwa sauti. Desemba inaweza kubaki Desemba, inaweza pia kusonga, harusi zimesongeshwa kwa sababu ya mvua.

Sindano ya wiving. Ile haina tundu ndani, haibebi damu kama ya hospitali, na kwa kawaida unajichoma wewe na damu yako mwenyewe. Hata muuguzi akichomwa na sindano ya hospitali yenye damu ya mtu mwenye virusi asiyetumia dawa, uwezekano ni kama 3 kati ya 1000, na anapewa PEP, dawa za dharura za kuzuia maambukizi, ambayo lazima ianze ndani ya saa 72 na inamezwa siku 28. Yako iko chini sana ya hapo. Kilicho na maana zaidi kwa saluni ni wembe, kila mteja wake mpya, na hiyo ni kwa ajili ya homa ya ini pia. Ukijichoma, osha na sabuni chini ya maji yanayotiririka, usikamue, funga plasta, umalizie kichwa cha mtu.